Tisini na Moja Haipigiwi Kura

Lifti ya jengo lao iliharibika tangu majira ya baridi, na Serah hakuisikitikia hata kidogo. Kila asubuhi alishuka ngazi akiimba jedwali la kuzidisha, kwa sauti ya kutosha kuwaudhi majirani wawili watatu waliopenda kulala. Alilijifunza Moshi, kwa mwalimu asiyekuwa na mzaha, na alikuja nalo London likiwa zima kichwani.

"Saba mara kumi, sabini! Saba mara kumi na moja, sabini na saba! Saba mara kumi na mbili, themanini na nne!"

Hapo jedwali liliisha, na ngazi nazo ziliisha. Serah aliusukuma mlango mzito wa chini, akatoka kwenye baridi ya mtaa wa Peckham kusubiri basi namba 343 la kwenda shule.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa mwaka wa pili tangu aje kuishi na mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kiingereza kilipozungumzwa harakaharaka bado kilimpiga chenga, lakini hesabu haikumpiga chenga kwa lugha yoyote. Darasani alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa rafiki yake, Amisha.

Urafiki wao ulianzia kwenye lango la shule. Bibi yake Amisha, mama mmoja wa Kihindi aitwaye Bhanu, alizaliwa Mwanza, na siku aliyomsikia Serah akizungumza na mama yake alikaribia kumkumbatia. "Mtoto, habari za nyumbani?" alimwuliza, na tangu siku ile hakuwahi kumsalimu kwa lugha nyingine. Amisha alielewa Kiswahili cha bibi yake, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza.

Muhula ule, Mwalimu Sohal, aliyewafundisha hesabu, aliwapa kazi iliyowasisimua wote. Walitakiwa kupamba ukuta wa ukumbi kwa namba tasa zote zilizo chini ya mia moja.

"Namba tasa ni namba isiyogawanyika," aliwakumbusha. "Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Kila mmoja wenu atapewa namba yake. Ataipaka rangi ya dhahabu, ataandika jina lake chini yake, na jina hilo litakaa pale hata mkishamaliza shule. Alhamisi ya wiki ijayo wazazi watakuja jioni, na kila mmoja ataisemea namba yake sentensi tatu."

Amisha alipewa kazi ya kuandika orodha. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, kisha saa ya chakula cha mchana akamkabidhi Serah. "Nihakikie," alisema.

Serah aliipitia huku akila viazi. Alipofika kwenye 91 alisimama kidogo. Si namba shufwa, kwa hiyo mbili haiigawi. Tisa na moja ni kumi, kwa hiyo tatu haiigawi. Haiishii kwa sifuri wala tano. Na saba? Aliliimba jedwali moyoni mpaka themanini na nne, likaisha bila kumletea tisini na moja. Basi na saba haimo.

"Nimehakiki," alisema.

"Zote?"

"Zote. Ziko sawa."

Mwalimu Sohal naye aliitupia jicho, akatia sahihi. Kilichowafurahisha watu zaidi ni kwamba namba zilikuwa ishirini na sita, na wanafunzi darasani ishirini na sita. Walishangilia. Namba na watu kulingana namna hiyo, nani angeshuku kitu? Walichota vikaratasi kwenye kofia. Jeff, mvulana aliyependa kuongoza hata foleni ya chakula, alipata 7. Amisha alipata 13. Serah alipata 91.

Mama aliposikia habari ya Alhamisi, alibadilishana shifti na mwenzake siku hiyohiyo. Tangu Serah aanze shule ile, Mama hakuwahi kupata nafasi ya kuhudhuria jambo lolote. Ijumaa Mwalimu Sohal aliondoka kwenda kwenye mafunzo, akisema atarudi Alhamisi yenyewe, na darasa likapaka rangi chini ya mwalimu wa sanaa. Rangi ilikaukia ukutani, na chini ya 91 palisomeka vizuri: Serah.

Jumamosi alikwenda, kama ilivyo kawaida yake, kumsaidia Mjomba Method. Mjomba alikuwa na meza ya matunda karibu na kituo cha treni, akiuza kwa bakuli kama wenzake wote wa mtaa ule. Lakini jambo moja hakuliacha tangu enzi zake za soko la Kiboroloni kule Moshi. Tunda la duara hakulimwaga mezani ovyo. Alilipanga safu juu ya safu mpaka likasimama lenyewe, na mteja aliyethubutu kuchomoa la chini alisikia maneno.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umechelewa, na hayo machenza yanakusubiri."

Mvua ilikuwa inanyesha na wateja hawakuonekana. Serah alianza kuringa.

"Mjomba, namba yangu ni ngumu kama mwamba. Nikikupa machenza tisini na moja, huwezi kuyapanga kwa mistari iliyo sawa. Lazima mstari mmoja upungukiwe."

"Mimi nishindwe kupanga machenza? Nimepanga nyanya tangu mama yako hajui kufunga kamba za viatu!"

"Jaribu uone."

Waliyahesabu machenza tisini na moja kwenye kreti, kisha Mjomba akapangusa meza, akaanza. Alipanga kumi kumi. Ilitoka mistari tisa, likabaki chenza moja. Serah alipiga makofi. Akapanga tisa tisa, likabaki moja. Akapanga sita sita, likabaki moja tena.

"Hili chenza lina kiburi," alisema Mjomba, akilitazama kwa chuki.

Mama mmoja alifika kuulizia ndizi za kupika, na Mjomba akaenda kumhudumia. Serah aliyarudisha machenza kwenye kreti. Alitaka kuumaliza ubishi, akachagua saba, kwa sababu jedwali la saba ndilo alilolipenda kuliko yote. Alipanga huku akiimba. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Alipomaliza mstari wa kumi na mbili alisema, "Themanini na nne!" akanyamaza, kama anavyonyamaza kila asubuhi chini ya ngazi.

Kisha akatazama ndani ya kreti. Halikubaki chenza moja. Yalibaki machenza kadhaa.

Aliyatoa moja moja, akayapanga chini ya mengine. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Mstari ulitimia. Alilitafuta lile chenza la kiburi ndani ya kreti, chini ya meza, hata mfukoni mwake. Halikuwepo.

"Saba mara kumi na tatu," alisema polepole, na maneno hayo hakuwahi kuyatamka maishani mwake.

Mjomba aliporudi alikuta macho ya mpwa wake yamejaa machozi. "Kuna nini? Limepotea?"

"Mjomba, ukutani shuleni kuna uongo, na jina langu limeandikwa chini yake."

Alimweleza yote, hata lile la viazi. Mjomba hakuwa mtu wa hesabu, wala hakujifanya. Alikuna kichwa, akasema, "Sasa meza haiwezi kukaa hivi, watu watadhani tunacheza bao." Basi akayakusanya machenza, akayapanga kwa mtindo wake. Chini aliweka sita kwa sita, juu yake tano kwa tano, halafu nne kwa nne, tatu kwa tatu, mawili kwa mawili. Mkononi lilimbakia chenza moja, akaliweka kileleni. Kreti ilikuwa tupu.

Serah alifuta macho, akahesabu tena safu kwa safu. Thelathini na sita, ishirini na tano, kumi na sita, tisa, nne, moja. Tisini na moja kamili. Hasira yake ilipungua kidogo, ikaanza kuchanganyika na udadisi. Namba hii haikuwa namba tasa, lakini pia haikuwa namba ya hivihivi.

Jumatatu alimvuta Amisha pembeni kabla kengele haijalia, akamwambia. Amisha aligawanya mwenyewe nyuma ya daftari. Uso wake ulibadilika.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Amisha!"

"Rangi imeshakauka. Bibi ameshawaambia watu wote hekaluni kwamba orodha ni yangu. Na wewe, umefikiri? Tisini na moja ikifutwa, jina lako linafutwa. Darasa zima litakuwa na namba, isipokuwa wewe."

"Nimefikiri."

"Basi?"

"Basi nini? Ni uongo."

Jeff alikuwa karibu, na sikio lake halikuwa na breki. Hazikupita dakika tano darasa zima likawa linajua. Mwalimu aliyeshika nafasi ya Mwalimu Sohal siku hizo alikuwa mwalimu wa michezo. Serah alimfuata akamweleza, naye akakuna kidevu, akasema jambo la hesabu lisubiri mwenye hesabu arudi. Kisha akatoka kwenda kuchukua karatasi ofisini, na Jeff akapanda juu ya kiti.

"Tupige kura!" alitangaza. "Nani anataka tisini na moja ibaki? Mikono juu!"

Mikono ilipanda kama majani. Wengine hawakujua hata wanachokipigia, ila ukuta wao ulikuwa mzuri na hawakutaka mtu auguse. Mkono wa Amisha ulikuwa wa mwisho kupanda, tena haukufika juu. Lakini ulipanda, na Serah aliuona.

"Ishirini na tano kwa mmoja," alisema Jeff. "Mambo yamekwisha."

Serah alisimama.

"Pigeni kura mpaka jioni! Tisini na moja inagawanyika kwa saba leo, na kesho itagawanyika. Mkinyoosha mikono, mkinyoosha na miguu, itagawanyika vilevile. Namba haipigiwi kura!"

Walimcheka, wengine wakaigiza namna alivyosema. Mchana huo alikula peke yake, na Jumanne pia, na Jumatano pia. Alikaa na kichwa juu kama mtu aliyeichagua meza ile kwa hiari yake, lakini iliuma. Mara mbili Amisha alipita karibu, sinia lake mkononi, akapunguza mwendo, kisha akaenda zake. Hilo liliuma kuliko vicheko vyote.

Jumatano alasiri alimkuta Mama anapiga pasi gauni lake la kitenge, lile la harusi na sikukuu. Serah alijua ni la kesho. Aliketi kwenye ukingo wa kochi akamsimulia kila kitu, tangu viazi mpaka kura.

Mama alikuwa ametoka kazini, miguu imemvimba. Alisikiliza bila kuacha pasi.

"Mwanangu, sema tu hizo sentensi zao, watu wapige makofi, turudi nyumbani. Mwalimu ukimpata kwa utulivu, utamwambia taratibu."

"Hapana, Mama."

Pasi ilisimama. Katika nyumba ile neno hilo halikuwa na mazoea ya kusikika, hasa kutoka upande wa kochi.

"Unanijibu hapana?"

"Nakujibu kwa heshima, Mama, lakini hapana. Mara ya kwanza nilisema nimehakiki, na nilikuwa sijahakiki. Ule ulikuwa uvivu. Kesho nikisema mbele yako kwamba ni namba tasa, nitakuwa najua kabisa kwamba nadanganya. Afadhali nikose namba."

Mama aliligeuza gauni, akaendelea kupiga pasi upande wa pili. Serah alidhani mazungumzo yamekwisha.

"Huyo mjomba wako," Mama alisema hatimaye, "anayo machenza ya kutosha?"

Alhamisi jioni ukumbi ulijaa. Mwalimu Sohal alifika anahema, treni yake ilichelewa, na wazazi walikuwa wameshaketi. Serah alimkimbilia.

"Mwalimu, kuna jambo lazima nikuambie kabla hatujaanza. Namba yangu..."

"Baadaye, Serah, tafadhali. Watu wanasubiri." Na akapanda jukwaani.

Wanafunzi walisimama mmojammoja, kuanzia namba ndogo. Jeff alisema siku za wiki ni saba na rangi za upinde wa mvua ni saba, akapigiwa makofi mengi. Amisha alizungumza juu ya 13 kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, akaketi haraka karibu na bibi yake. Namba zilisonga mbele. Serah alimwona Mama katika safu ya tatu, kitenge kimenyooka, na Mjomba Method kando ya mlango akiwa ameshika kigari chenye kreti. Serah angeweza bado kusema zile sentensi tatu alizoziandika kabla hajajua, na hakuna mtu angemtazama vibaya. Aliikunja karatasi yake kwa hasira akaitia mfukoni.

Mwenye themanini na tisa alimaliza. Serah alisimama.

"Namba yangu ni tisini na moja," alisema. "Sentensi ya kwanza. Tisini na moja si namba tasa, na haifai kuwa kwenye ukuta huu."

Minong'ono ilipita ukumbini. "Tulishapiga kura!" Jeff alipaza sauti, na baadhi ya wazazi wakacheka.

"Ndiyo, walipiga kura. Mimi nimeleta machenza."

Mjomba alisukuma kigari mpaka mbele. Serah alipiga magoti sakafuni, bila kujali gauni lake la shule, akaanza kupanga saba saba. Hakuimba safari hii. Yalisikika tu machenza yakigusa sakafu. Alipomaliza mstari wa kumi na mbili aliinua kichwa.

"Hapa ndipo jedwali letu linapoishia, na hapa ndipo niliposimama mimi. Amisha aliniomba nihakiki orodha yake. Nilijibu kwamba nimehakiki, na haikuwa kweli. Niliimba jedwali moyoni, likaisha, nikaona uvivu kugawanya. Kosa ni langu, si lake. Kwa hiyo jina langu lifutwe."

Mwalimu Sohal alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Ndipo ikasikika sauti ya Bibi Bhanu, kwa Kiswahili chake cha Mwanza ambacho ukumbini walikielewa watu wachache tu.

"Amisha. Huyo mtoto anasema kweli?"

"Ndiyo, Bibi," Amisha alijibu, na alijibu kwa Kiswahili.

"Sasa mbona umekaa?"

Amisha alisimama. Alitembea mpaka mbele, akapiga magoti kando ya Serah, akachukua machenza saba ya mwisho na kuyapanga mstari wa kumi na tatu. Mstari ulitimia, na kreti ikabaki tupu. "Ni kweli," aliwaambia watu kwa Kiingereza. "Nilijua tangu Jumatatu. Niliinua mkono nikijua." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Serah."

Serah alimsukumia chenza moja tu, na Amisha akalipokea.

"Endelea," alisema Mwalimu Sohal polepole. "Umebakiza sentensi mbili."

"Sentensi ya pili. Ukijumlisha moja, mbili, tatu, nne, mpaka kumi na tatu, unapata tisini na moja. Sentensi ya tatu." Hapo alimtazama Mjomba, na Mjomba, aliyekuwa akiisubiri zamu yake kwa hamu, akapiga magoti pia. Safu ya sita kwa sita ilisimama sakafuni, tano kwa tano juu yake, na nyingine na nyingine. Amisha alishikilia pembe zisiporomoke. Jeff alijongea akijidai anatazama tu, halafu akawa anapokeza machenza. La mwisho Serah aliliweka kileleni mwenyewe.

"Tisini na moja inasimama hivi," alisema, "na halibaki hata moja."

Makofi yalianzia safu ya tatu. Mama alikuwa wima, anapiga makofi kana kwamba yuko uwanja wa mpira, wala hakujali anayemtazama.

Watu walipotulia, Mwalimu Sohal aliwaita wanafunzi wote wakae sakafuni kuizunguka ile piramidi ya machenza.

"Nina la kusema, na naanza na mimi mwenyewe," alisema. "Niliipitia orodha hii kwa macho, nikatia sahihi. Macho hayagawanyi. Ili kuijua namba tasa iliyo chini ya mia, majaribio manne yanatosha. Jaribu mbili, tatu, tano na saba. Manne tu! Na darasa zima pamoja na mwalimu wake tukaona uvivu kulimaliza la nne. Mtu akisema amehakiki, awe ameifanya kazi yenyewe. Na akigundua amekosea, aseme, hata kama atakayepoteza ni yeye." Alimgeukia Jeff. "Kura ni kitu kizuri, Jeff. Tunachagua nayo viongozi, na mahali pa kwenda matembezi. Lakini jambo la kweli haliulizi wangapi wanalitaka. Ukiwa na ukweli, simama nao hata ukiwa peke yako. Ila fanya kama Serah, uje na machenza yako, watu waone kwa macho yao."

"Na jina lake je?" aliuliza Amisha. "Namba tasa sasa ni ishirini na tano. Sisi ni ishirini na sita."

"Ukutani hapa litafutwa, kama alivyotaka mwenyewe. Pengo libaki, litukumbushe." Kisha mwalimu alinyoosha kidole upande wa pili wa ukumbi, kwenye ukuta mweupe usiokuwa na kitu. "Lakini namba zinazogawanyika nazo zina maisha yao, tena ni nyingi kuliko hizi. Ule ukuta unaanza kesho. Wa kwanza ni Serah, na tisini na moja yake, na piramidi yake."

Jeff alitazama ukuta mweupe, akatazama 7 yake iliyobanwa kati ya 5 na 11. "Mwalimu," alisema, "na mimi naweza kwenda kule?"

Machenza yaliliwa palepale, wazazi kwa watoto, na Mjomba hakumgombeza hata mtu mmoja kwa kuchomoa la chini.

Serah na mama yake walisubiri basi kituoni, Mama akiwa amemshika begani.

"Jana nilikuambia useme uongo mdogo," Mama alisema. "Nilikuwa nimechoka, nikataka mambo yaishe. Ulinikatalia, na ulifanya vizuri kunikatalia. Ila usizoee."

"Sitazoea, Mama."

Basi lilijitokeza kwenye kona, taa zinamulika, namba 343 juu ya kioo. Mama alitabasamu. "Na hiyo je, mwanahesabu wangu? Tasa, au si tasa?"

Serah alifungua mdomo kujibu. Haikuwa namba shufwa, na ilionekana ngumu kweli kweli. Lakini aliufunga mdomo tena.

"Subiri, Mama. Kwanza nigawanye."

Walipanda, wakaketi. Vituo vitatu vilipita, midomo ya Serah ikicheza bila sauti. Halafu aliruka kitini mpaka dereva akatazama kwenye kioo.

"Saba mara arobaini na tisa! Na arobaini na tisa yenyewe ni saba mara saba! Mama, hili basi ni saba tupu!"